Baraza sio urembo jamani

Shangazi wa Majenzi anajibu maswali yenu, kutoka Bagamoyo

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu nyumba moja mpya hapa kwetu, njia ya kwenda Kaole. Matao mbele, mlango wa nakshi, kuta nyeupee, ukiiona kwa nje unasema eeh, hii ndo nyumba ya Kimwambao yenyewe, afu ukiingia sebuleni joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria ya wali. Nikasema wenyewe wamenunua sura ya nyumba ya pwani wakasahau kununua kivuli. Basi simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Wengine mmenitukana kidogo, nimewasamehe. Haya twende.

Dada, habari za majenzi. Mi nipo Nianjema hapahapa Bagamoyo, nina kiwanja changu mita 20 kwa 30, nimejichanga miaka mingi. Mwanangu wa kwanza kaniletea ramani toka Dar, nyumba ya kisasa ile paa halionekani, mbele vioo vitupu. Mi nimekulia nyumba yenye baraza na uani. Nikimwambia nataka uani anasema mama huko ni kupoteza kiwanja, na baraza ni kukaribisha wambea. Tumebishana mpaka hatusemeshani vizuri. Nani yuko sahihi?

Mama wa Nianjema, pole na huo mvutano, ramani zimegombanisha watu wengi kuliko hata mirathi. Ila mwanao mwambie Shangazi kasema ramani yake ni nzuri, ikajengwe Arusha.

Tuanze na paa. Lile la kuficha sio kwamba halipo, bati liko palepale, limezungushiwa ukuta juu na maji yanapita kwenye mfereji uliojificha ndani. Sasa we una mwembe hapo kwako au kwa jirani, majani yanaziba ule mfereji, masika inaingia, maji yanakosa pa kwenda yanarudi ndani kwenye jipsamu yako, unaamka asubuhi dari lina ramani ya Afrika. Hilo moja. La pili ndo kubwa zaidi, ukuta unabaki bila kofia. Sisi Bagamoyo tuko kama nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua la mchana liko juu sana karibu mwaka mzima, la asubuhi linapiga ukuta wa mashariki na la jioni linapiga ukuta wa magharibi, na huo wa magharibi ndo unaokunyima usingizi maana tofali la saruji linashika joto kuanzia saa tisa mchana afu linakuja kukurudishia saa nne usiku umeshalala. Paa likitoka nje ya ukuta mita moja hivi, ukuta unapata kivuli na mvua haipigi dirisha, unaweza ukaacha wazi hata ikinyesha. Mwanao abaki na mistari yake iliyonyooka, abaki na rangi yake ya kijivu wanayoipenda vijana, sina neno, ila paa litoke nje.

Vioo vya mbele nzima navyo, swali ni mbele inaangalia wapi. Kama ni magharibi hapana kabisa. Kaskazi inavuma toka kaskazini mashariki, kusi inavuma toka kusini mashariki, yaani pepo zetu zote mbili zina mashariki ndani yake, kwa hiyo madirisha makubwa yawe huko na upande wa pili kuwe na tundu la kutokea upepo, hata tofali za matundu juu ya mlango zinatosha. Dirisha kubwa bila pa kutokea halifanyi kazi, upepo unafika mlangoni unageuza. Na yale ya kioo cha kusukuma, jua kabisa kwamba yanafunguka nusu tu, umelipia dirisha zima unapata upepo wa nusu.

Uani sasa. Nyumba za mawe za zamani, za hapa, za Unguja, za Lamu, upande wa njia zilikuwa na vidirisha vidogo tu kwa sababu ya stara, mwanga na hewa vilitoka uani. Hewa ya moto inapanda inatokea juu, ya baridi ya kivulini inavutwa kuingia vyumbani. Ndo feni ya bure hiyo, haina Luku. Sio kupoteza kiwanja, maana ukiwa na uani hujengi tena korido ndefu ya giza katikati ya nyumba, vyumba vinafungukia hapo. Kwa kiwanja chako uani wa mita 4 kwa 5 unatosha, sakafu yake iwe chini kidogo kuliko ya vyumba, na uweke bomba la inchi 4 la kutoa maji, sio lile jembamba la sinki ambalo mafundi wanapenda kulichomeka wakidhani hutaona.

Na hapa nikiri kosa langu. Nyumba yangu ya kwanza niliweka uani vizuri tu, mwaka wa pili nikachoka kufagia majani, nikamwita fundi akaufunika na yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Jamani. Mchana saa nane pale ndani ungeweza kukausha dagaa. Mama yangu mzazi alikuja kunitembelea, akakaa dakika kumi, akachukua mkeka wake akahamia nje chini ya mnazi, hakusema kitu, ile ilinitosha. Niliyatoa wiki ileile. Ukitaka kujikinga na mvua weka paa dogo kuzunguka kingo za uani ili watu wapite bila kulowa, katikati pabaki wazi, au kama lazima ufunike basi paa lipande juu zaidi ya kuta na pembeni paachwe wazi.

Wambea? Baraza haiwakaribishi, inawaweka nje! Mtu kapiga hodi, anakaa barazani, anapewa maji, maneno yake yanaishia hapo. Usipokuwa na baraza ndo utamkaribisha sebuleni aanze kuhesabu vikombe. Jenga benchi la zege lililoungana na ukuta, urefu kwenda juu sentimita 45, upana usipungue 60 ili mtu mzima akitaka kujinyoosha ajinyooshe, juu usiweke taili za kung'aa zinateleza na zinachoma, sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inapoa na inapendeza na hao wa kisasa ndo wanaitaka siku hizi kwenye Pinterest. Afu mlango wa mbele usitazamane na mlango wa sebule, ukiingia ugeuke kidogo. Wazee walifanya hivyo mpita njia asione ndani, na we utaacha mlango wazi mchana kutwa bila wasiwasi. Mwoneshe mwanao hii kwenye simu, mkae mle chakula pamoja.

Shangazi, nataka kuezeka makuti nyumba nzima ya familia pale Raskazone, Tanga, nimeona hoteli zinapendeza sana. Unashauri?

Hoteli zina watu wa kubadilisha makuti na bajeti ya kubadilisha makuti. We una watoto wa shule. Makuti yanapoza kweli, hakuna bati litakaloshindana nayo, ila yanataka mwinamo mkali kama nyuzi 45, yanashika moto, na panya watakuja na ukoo wao. Jenga banda moja la makuti uani, mbali na jiko, pale ndo mpumzikie.

Shangazi shikamoo. Mi kijana wa Ngamiani, Tanga. Marehemu babu katuachia nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna jiko na choo. Kuta tofali za saruji, bati la zamani limeshika kutu. Kaka zangu wanataka tuivunje tupandishe fremu za maduka na ghorofa juu. Mi naona uchungu. Inaweza ikafanywa ya kisasa au naota?

Marahaba mwanangu. Huoti. Swali lako nimelipenda maana watu wakisikia nyumba za pwani wanawaza majumba ya mawe tu ya matajiri, wakati nyumba ambayo wengi wetu tumezaliwa humo, Tanga, Bagamoyo, Kariakoo, ni hiyohiyo ya babu yako. Vitatu kulia vitatu kushoto, ukumbi umenyooka toka mlango wa mbele mpaka uani. Ukifungua milango yote miwili upepo unapita kama kwenye bomba, ndo maana bibi zetu walilala mchana ukumbini chini kwenye mkeka na sio kitandani. Na ina akili ya pesa: kila chumba kina mlango wake unafungukia ukumbini, kwa hiyo familia ikiwa ndogo unapangisha, ikikua unamwondoa mpangaji. Hakuna ramani ya Dar yenye uwezo huo.

Sasa nifuate. Vyumba viwili vya upande mmoja, cha mbele na cha kati, toa ukuta ulio katikati yao upate sebule ndefu na meza ya kulia chakula. Lakini kabla hujagonga nyundo panda darini uangalie kenchi zimelalia ukuta upi, kama zimelalia huohuo basi ni lazima kumwaga boriti ya zege yenye nondo juu yake kabla ya kutoa tofali hata moja, na hiyo kazi usimpe fundi anayekwambia "aah hii haina shida". Mimi nikisikia hilo neno nashika pochi yangu naondoka.

Chumba cha mbele cha upande wa pili kitobolewe mlango wa barabarani kiwe fremu, kaka zako wapate maduka yao, angalau moja. Vyumba viwili vya nyuma viwe masta, bafu na choo viongezwe kwa nyuma kuelekea uani ili mabomba yote yawe sehemu moja na karo moja. Jiko libaki uani lakini liwe jiko la maana, chini ya paa, ukuta wa tofali za matundu upande mmoja moshi utoke, sinki, kabati, na meza ya zege ya kukunia nazi na kukatia samaki. Ukumbi usiuguse! Wengi wanauziba nusu wafanye stoo, hapo umeiua nyumba. Weka tu sakafu nzuri, mwanga, labda kabati jembamba la ukutani au visanduku vidogo vya kuwekea vitabu na taa vilivyozama ndani ya ukuta, kama zile zidaka za nyumba za Lamu. Tofali za inchi 6 hazina unene wa kutosha wa kuchimba zidaka, kwa hiyo unajenga ukuta wa pili mbele yake, unene sentimita 20 hivi, usikubali mtu akuchimbie ukuta wa babu.

Bati badilisha lote. Tanga chumvi ya bahari inakula, nunua lenye mchanganyiko wa alumini, na kuhusu geji namba ikiwa ndogo ndo bati linakuwa nene, 28 ni nene kuliko 30, wengi wanadhani kinyume na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. Chini ya bati weka dari na uache matundu ya kutoa joto kwenye pembetatu za mbele na nyuma, yawe na wavu popo wasihamie.

Ghorofa juu ya msingi ule ule sahau. Msingi wa babu ulichimbwa kubeba nyumba ya chini tu. Wakitaka ghorofa ni kuvunja kila kitu na kuanza na mhandisi, na bili yake ni nyingine kabisa. Na jingine mwanangu, kabla hamjagombania taili, mirathi imekwisha? Kama bado, haya yote niliyoandika yaweke kwanza kabatini.

Shangazi, nyumba yetu ya ukoo ipo Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, ya mawe. Tulichanga tukaikarabati, fundi akapiga plasta ya saruji ndani na nje na rangi ya mafuta. Masika mbili tu zimepita, plasta inabanduka mapande mapande na ukuta unatoa unga mweupe. Fundi anasema tuongeze saruji. Tuongeze?

Msiongeze! Aache kabisa.

Mwaka jana nilisimama kwenye nyumba ya namna hiyohiyo, fundi mzee mmoja anagonga plasta na mpini wa nyundo, taratibu, anasikiliza. Ko ko ko, maana yake nyuma kuna uwazi. Akachomeka patasi pembeni likadondoka pande kubwa kama sinia. Nyuma yake ukuta umelowa jasho, chumvi imeota kama sukari, na chokaa ya zamani ukiibonyeza kwa kidole inazama kama ugali wa jana. Na ilikuwa mwezi wa tisa, kavu, hakuna mvua.

Ipo hivi. Ukuta wa mawe ya matumbawe una matundu kila mahali, nenda Kaole kwenye magofu ya ule msikiti wa karne ya 13 uinamie jiwe kwa karibu, utaona vijishimo kama sega la nyuki. Ukuta huo unavuta maji toka ardhini na unayatoa kwa kukauka. Chokaa inauacha upumue. Saruji na rangi ya mafuta ni kama kumvalisha mtu koti la mvua afu umwambie alime, jasho linabaki ndani, maji yanatafuta pa kutokea yanabeba chumvi, chumvi ikifika nyuma ya plasta inajenga punje zinasukuma, plasta inadondoka na inaondoka na ngozi ya jiwe. Ukiongeza saruji unaongeza unene wa koti.

Dawa ni kutoa saruji yote, kwa patasi, polepole, sio nyundo kubwa ya kuvunjia. Mwache ukuta ukauke, miezi kadhaa ikiwezekana, piga brashi chumvi inayoota usiioshe kwa maji, ukiosha inarudi ndani. Afu plasta ya chokaa iliyozimuliwa na kulowekwa shimoni wiki nyingi mpaka iwe kama maziwa mgando, baba yangu alikuwa fundi chokaa na alikuwa hagusi shimo kabla ya miezi mitatu, tulimwona mkaidi. Debe moja chokaa kwa matatu ya mchanga, mchanga wa mtoni, sio wa ufukweni maana utakuwa unaingiza chumvi kwa mkono wako mwenyewe. Piga tabaka nyembamba mbili tatu, kila moja inyunyiziwe maji na ifunikwe magunia isikauke haraka, maana chokaa haigandi kama saruji, inashika taratibu kwa kuvuta hewa ukaa. Vaeni glavu na miwani, ikiingia jichoni si mchezo. Juu yake mpake chokaa nyeupe ya kawaida kila baada ya masika, basi.

Chokaa yenyewe hamna haja ya kuhangaika na matumbawe, kuyavuna baharini ni marufuku na ni sawa iwe hivyo, ipo inayochomwa toka mawe ya chokaa, Tanga wanayo. Na kwa kuwa mpo Mji Mkongwe, piteni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, wale wa serikali wanaotunza majengo ya kale, kabla ya patasi ya kwanza. Hawang'ati.

Kwenye sebule yangu nataka boriti za mikoko darini zionekane kama zamani. Naweza?

Kwanza ujue zile boriti hazikuwa urembo, ndo zilizobeba dari lote, na kwa kuwa mti wa mkoko haufiki mbali vyumba vikawa vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu. We una zege na nondo, sebule yako ina mita 5, huhitaji. Mikoko ni hifadhi, kuikata kunataka kibali, na muuzaji anayekuletea usiku hana kibali. Tumia mirunda ya mikaratusi iliyokauka vizuri, imenyooka, imetiwa dawa ya mchwa na bungua, ifunge chini ya zege kwa boliti. Sentimita 30 kati ya moja na nyingine, ukiziachanisha sana zinaonekana kama kamba za kuanikia nguo.

Shangazi shikamoo, kuna jamaa anauza mlango wa nakshi wa zamani kabisa, anasema umetoka kwenye nyumba iliyoanguka, bei poa. Niuchukue kwa nyumba yangu mpya au nichongeshe mwingine? Msomaji, Tanga.

Marahaba baba. Usimpe hela huyo mtu hata ya soda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za mbao za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940, sio kitu cha kuuziana kienyeji hivyo. Mwambie akuoneshe karatasi. Ataondoka mwenyewe.

Chongesha mpya. Mafundi wapo hapa Bagamoyo na Unguja, mvule au mninga uliokauka kweli, ukiwa mbichi mbao zitapinda ndani ya mwaka na mabawa mawili ya mlango hayatakutana. Fremu ndo inabeba nakshi nyingi, na mfaa, ule mwimo wa katikati unaofunika pale mabawa mawili yanapokutana, huo ndo wa kumwachia fundi aoneshe ufundi wake, mabawa yenyewe yanaweza kuwa mbao tupu bila nakshi na ikapendeza zaidi kwenye nyumba ya kisasa. Misumari mikubwa ya shaba ukitaka weka safu mbili tu, mi binafsi naona ikijaa mlango mzima unakuwa kama nanasi. Bapa juu au tao juu ni wewe, la bapa linakaa vizuri na nyumba yenye mistari iliyonyooka.

Ila usiuweke ukutani ukitazama jua tupu. Urudishe ndani nusu mita, uwe na daka lake lenye kivuli na vibaraza viwili kulia na kushoto, na uupake mafuta kila mwaka kabla ya masika. Ukimaliza nitumie picha, ya mfaa kwa karibu.